Miguu Iliyooshwa Haikuwa Yangu

Mogogosiek,
Jumatatu, baada ya mvua ya mawe

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, na goti lako nalisalimu peke yake, kwa sababu nasikia siku hizi ndilo linaloamua kama utaenda kanisani au hutaenda. Bado linakusumbua asubuhi? Ile dawa ya kupaka niliyokutumia, unaipaka kweli au umeifungia kabatini pamoja na vikombe vya wageni? Yule ng'ombe mweusi amezaa? Baridi ya Nyamira imepungua? Sisi hapa tuko wazima, tunamshukuru Mungu. Mjukuu wako Moraa yuko chuoni, amekonda kidogo lakini anasema huo ndio mtindo. Baba Moraa bado yuko kiwandani na anarudi akinuka majani ya chai mpaka kwenye nywele. Leo hakuna aliyechuma. Mawe yamepiga chai ikabaki matambara, na ndiyo maana nimepata nafasi ya kukaa na kalamu.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu najua atakayekusomea ni wifi yangu Nekesa, na Kigusii chake bado kinatembea kwa mkongojo. Wifi, usinune, unajua nakupenda. Soma polepole, na ukifika mahali pagumu usiparuke. Ningepiga simu, lakini kwa simu Mama hunikatiza kabla sijafika popote, na hili neno ni refu.

Mama, nina wivu. Nimetafuta namna ya kulisema kwa adabu nikakosa. Nina wivu mbaya, wa kunikosesha usingizi, na ninayemwonea wivu ni bibi kizee asiye na meno ya mbele. Ni Kogo Taprandich, jirani yetu wa ng'ambo ya ua. Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis, na hapa kila mtu humwita hivyo, hata sisi. Simwonei wivu ng'ombe zake wala chai yake. Namwonea wivu kwamba yeye ameombwa msamaha na mimi sijaombwa.

Sasa nieleze. Kanisa letu lilipata wageni kutoka Uingereza. Ni Wakristo ambao babu zao walikuja huku zamani, wakachukua hii ardhi na kupanda chai, na wenyewe Wakipsigis wakafukuzwa kama kuku wanaokula mtama. Hao wajukuu wameomba juu ya jambo hilo huko kwao, roho zikawasuta, wakasema hawawezi kukaa hivyo. Wakaandika kwa Pasta kwamba wangependa kuja kuomba msamaha mbele ya kanisa na kuwaosha miguu wazee waliofukuzwa, kama Bwana Yesu alivyowaosha wanafunzi wake. Ni jambo jema, Mama. Hata nikiwa na kijicho nakubali ni jambo jema.

Unajua mimi niko kamati ya jikoni. Wakisii tulio kanisani huku, ukitutafuta Jumapili yenye wageni, utatupata jikoni, au tunapanga viti. Pasta akaniita akasema, "Mama Moraa, wewe unajua moto. Utatuchemshia yale maji ya miguu. Yasiwe moto sana, hawa ni wazee." Basi nikachemsha. Nilitumia ile sufuria kubwa ya harusi na kuni mbichi za bulugamu, moshi ukanitoa machozi kabla ya mtu yeyote kulia kanisani. Nikachanganya na maji baridi, nikapima kwa kiwiko kama ya kumwogesha mtoto mchanga. Mabeseni yalikuwa mapya. Taulo zilikuwa nyeupe mpaka tukaambiwa tusizishike na mikono ya jikoni.

Wazee waliketi mbele, na nyuma ya kila mzee benchi la watu wake. Kogo alikuwa na wanawe, wakaza wanawe, na dada zake wawili waliotoka Silibwet wamevaa vitambaa vya kufanana. Akaja mama mmoja wa Kizungu, mwembamba, mwenye mvi, ambaye babu yake alikuwa msimamizi wa shamba la chai. Akapiga magoti kwenye saruji. Akasema, na Pasta akatafsiri, "Babu yangu alimfukuza mama yako kwenye nyumba yake. Sisi tulisoma shule kwa hiyo chai. Hatukuwahi kukuuliza ulilala wapi. Naomba unisamehe." Kisha akamwosha Kogo miguu, ile miguu iliyopasuka kama shamba la Januari, akaipangusa kidole kwa kidole, akalia mpaka pua.

Kogo akasema, "Nimesamehe." Kanisa lote likapiga makofi. Watu wakaimba, watu wakakumbatiana, simu zikainuliwa kupiga picha. Yule mama akavua shali yake ya sufu akamfunika Kogo mabegani. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni na sufuria tupu mkononi. Nilisema moyoni, na sasa nalisema wazi: kwa nini yeye? Kwa nini yeye apigiwe magoti na mtu aliyepanda ndege, na mtu wa kunipigia mimi magoti anakaa hatua chache tu kutoka kwangu na hajawahi hata kukohoa?

Wewe unajua nazungumzia nini, lakini wifi hakuwa ameolewa kwetu bado, kwa hivyo nitaeleza. Wifi, hapa funga mlango, watoto wasisikie.

Ule mwaka wa uchaguzi ulioharibika, tulikuwa tunaishi hapa hapa. Ploti tulinunua kwa mwenyewe kwa hiari yake, tukajenga nyumba ya mabati. Nyumba zilikuwa tatu kwenye mstari, mbili za wana wa Kogo na moja yetu, zote zinafanana kwa sababu fundi alikuwa mmoja. Vijana walipokuja kuchoma nyumba za Wakisii, hawakuwa wa hapa. Hawakujua nyumba ni ya nani. Baba Moraa alikuwa amekwama kiwandani. Mimi nilikuwa nimelala chini kati ya mistari ya chai na Moraa chini ya kifua changu, nimemziba mdomo kwa mkono. Nikaona wamesimama mbele ya Kogo kwenye ua wake wa miiba ya kaiyaba. Nikaona akiinua mkono. Akaonyesha nyumba yetu. Kisha akaingia kwake akafunga mlango, na sisi tukachomwa.

Hicho ndicho nilichokiona, Mama, na hapa duniani nilikwambia wewe peke yako. Hata Baba Moraa sikumwambia, kwa sababu nilijua akijua hatutarudi, na kazi yake ilikuwa huku. Tulirudi. Tukajenga tena. Miaka yote hii nimemsalimu Kogo kila asubuhi, "Chamgei," naye akaitikia, na mimi nikiangalia ule mkono.

Sasa unaona kwa nini wivu? Ya kwao ina jina. Inaitwa dhuluma ya kihistoria, inaandikiwa mabango, inaombewa mpaka ng'ambo ya bahari. Ya kwetu inaitwa "ile shida." Ukiitaja, mtu anaangalia kando, anasema, "Hayo yalikuwa mambo ya siasa," kana kwamba siasa ndiyo ilibeba kiberiti. Mzungu ni wa kuomba msamaha kwa ajili ya babu yake aliyekufa. Jirani aliye hai anakuomba chumvi tu.

Ile wiki ilinipata vibaya. Kogo alivaa ile shali kila mahali, hata kukamua. Nikiiona inapita kwenye ua, naingia ndani. Nilianza kumwitikia salamu nikiwa nimegeukia kuku. Kanisani Jumatano, kwenye maombi ya akina mama, tulipofika kwa yale maneno ya kuwasamehe waliotukosea, mimi nilikohoa mpaka yakapita. Nikamwambia Baba Moraa kwamba hao wageni wamekuja kuosha miguu isiyo na vumbi. Akanishangaa, akasema, "Kwamboka, wewe unataka nini hasa? Unataka Mzungu akuoshe na wewe?" Singeweza kumwambia ninachotaka bila kumwambia nilichoona.

Alhamisi nilikuwa nje nachambua maharagwe. Nikasikia fimbo ya Kogo. Nikajisemea, sasa amekuja kunionyesha shali. Lakini hakuwa ameivaa. Akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, kama kawaida yake, akaanza kunisaidia kuchambua. Nikampa chai. Akaishika tu.

"Mama Moraa," akasema, "nataka kuuliza wewe kitu na usicheke mimi."

"Uliza, Kogo."

"Ule mama alinishika miguu, mimi nikasema nimesamehe. Watu wote walikuwa wananiangalia, na Pasta ananiangalia, na kamera. Ungesema nini? Lakini nikienda nyumbani nikatafuta ndani ya roho, sikupata kitu. Bado nina hasira na hao watu. Mama yangu alifukuzwa na mimi niko mgongoni, na ndugu yangu alikufa na baridi huko tulitupwa. Sasa mimi nimedanganya Mungu ndani ya kanisa?"

Mama, niseme ukweli, kwanza nilifurahi. Nilifurahi kwamba ile sherehe yote haikumpa kitu. Ndivyo wivu ulivyo. Nikamwambia, "Kwa nini unaniuliza mimi? Pasta yupo."

"Pasta hajachomewa nyumba," akasema. "Wewe ndiye unajua vile watu wanasamehe. Si wewe ulitusamehe?"

Maharagwe yakanitoka mkononi. "Nani alikwambia niliwasamehe?"

Akacheka, yule mzee. Alidhani namtania. "Wacha hiyo! Ile siku mlirudi, si nilikuletea mursik? Ukakunywa. Wewe na mtoto, mkamaliza kibuyu mzima, nikasema asante Mungu, imeisha. Kwetu mtu akikunywa maziwa yako, hana neno na wewe."

Nikakumbuka. Ni kweli, alileta. Mursik ni yale maziwa yao wanayolaza kwenye kibuyu kilichosuguliwa na mkaa, yanatoka na rangi ya majivu, na siku ile sikuwa na jiko, sikuwa na sufuria, sikuwa na hata kuni kavu, na Moraa alikuwa analia njaa. Nilikunywa kwa sababu maziwa ni maziwa. Kumbe yeye alienda nyumbani akijua kesi imefungwa, na amelala usingizi wake miaka yote hii, na mimi ng'ambo ya ua nasubiri aifungue.

"Kogo," nikamwambia, "ile ilikuwa njaa."

Hakuelewa. Basi nikamwambia yote. Nikamwambia nilikuwa kwenye chai. Nikamwambia niliona vijana, niliona ua, niliona mkono wake ukiinuka. Sauti yangu ilikuwa chini kabisa, Mama, hata mimi nilishangaa, kwa sababu kichwani mwangu maneno hayo siku zote huwa nayapiga kelele.

Kogo hakukana. Akaweka kikombe chini. Akasema, "Walikuwa na petroli. Walisema kama hakuna mtu anaongea, wanachoma zote tatu. Wajukuu wangu walikuwa ndani."

"Najua."

"Ungekuwa mimi, ungefanya nini?"

"Sijui, Kogo. Hilo mimi sikuulizwa. Mimi nilichomewa nyumba."

Akainuka kwa shida, akaenda. Chai akaiacha imejaa. Usidhani nilipata raha. Niliingia ndani nikaketi kitandani. Nilijiuliza kama nimemuua mzee wa watu. Halafu, katikati ya huo woga, wivu ukarudi tena na sura nyingine: kwamba yeye hata ana mtu wa kumpelekea hasira yake ya zamani akamuuliza aifanye nini. Mimi yangu niliilea peke yangu kama mtoto wa kuficha.

Jumapili, ambayo ni jana, hakukuwa na wageni wala kamera. Mvua ilitisha na kanisa lilikuwa nusu. Mimi nilikaa benchi la mwisho, karibu na jikoni. Wakati wa ushuhuda Kogo akasimama. Akaongea Kikipsigis, na siku hizi sihitaji kutafsiriwa.

Akasema, "Wale wageni waliniuliza nikawajibu uongo. Hiyo nitaimaliza na Mungu. Lakini kuna mtu ambaye mimi mwenyewe nilipaswa kumuuliza, na nilimpa maziwa badala ya kumuuliza. Mimi ndiye nilionyesha nyumba ya Mama Moraa, ikachomwa. Ni mimi. Sio siasa."

Mwanawe mkubwa, Kiprono, ambaye ni mzee wa kanisa, akainuka akamshika bega. "Mama, keti. Hayo tulimaliza zamani." Kogo akautoa mkono wake. Pasta naye akaona hatari, akaanzisha wimbo, na watu wakaimba kwa nguvu kama wanaozima moto. Kogo hakuketi. Aliegemea fimbo akangoja. Wakaimba beti zote, wakarudia kiitikio, wakachoka, na walipomaliza bado amesimama.

Ndipo akageuka akanitafuta huku nyuma. Akasema kwa Kiswahili ili nisipate pa kujificha, "Mama Moraa, nakuomba msamaha. Lakini usinijibu leo. Mimi nilijibu haraka nikadanganya. Wewe enda ukatafute kwa roho yako kwanza. Mimi nitangoja."

Hakuna aliyepiga makofi. Watu wote wakageuka kuniangalia, na mimi nikageuka kutafuta benchi la watu wangu. Unajua nilikuwa natafuta nini? Wale waliokaa nyuma ya Kogo siku ile. Nilitaka kuona dada zangu, na vitambaa vya kufanana, na wewe. Baba Moraa alikuwa kwenye zamu. Nyuma yangu kulikuwa na mlango wa jikoni, basi.

Jana hiyo hiyo jioni nilimwambia Baba Moraa yote, maana angeyasikia kiwandani asubuhi. Hakula. Akaniuliza kama Moraa aliona. Nikamwambia hapana, nilikuwa nimemfunika. Akasema, "Basi amua wewe. Wewe ndiye uliona." Leo asubuhi Kiprono alipita njiani akaangalia upande mwingine, na mke wake akasimama akanisalimu kwa mikono miwili. Hivyo ndivyo mambo yalivyo kijijini: nusu wananiona kama niliyemwaibisha mama yao, nusu wananionea huruma kama mgonjwa.

Na mimi, Mama, ule wivu umemaliza kazi yake ukaniacha mikono mitupu. Nilichokuwa natamani nimepewa. Nilidhani nikiombwa msamaha nitakuwa mwepesi, na nitajua la kusema. Sijui. Asubuhi nikiwa nakoroga uji nasema nimesamehe, uji ukiiva nimekasirika tena. Nasali, nami namuuliza Mungu kama anaweza kunisubiri pia, kama Kogo.

Ndiyo maana nimekuandikia. Ile siku ulipotupokea kwako tukinuka moshi, ulituambia kwamba wewe hutakanyaga mchanga wa huku hata mimi nikifa. Sikukulaumu, na sikulaumu leo. Lakini naomba uje. Sitaki uje unisamehee, wala uje kugombana na Kogo, ingawa nakujua. Waliochomewa sio mimi peke yangu. Wewe ulitupatia kitanda chako ukalala karibu na moto na mbuzi, na hakuna aliyekuuliza wewe ulilala wapi. Nataka siku nitakayomjibu, anione nina watu.

Msalimie kaka yangu Nyakundi, umwambie asije na panga, aje na koti, kuna baridi. Msalimie mama mdogo wa Kebirigo na umuulize kama bado anaimba sauti ya pili, kwa sababu nitamhitaji kwenye hilo benchi. Msalimie shangazi mjane wa mtoni, mwambie namwombea macho yake. Na wewe wifi Nekesa, nisamehe nimekuliza, najua umelia. Mungu akubariki kwa kunisomea, na umfungashe Mama vizuri akikubali.

Kogo amesema atangoja, lakini ni mzee sana, na mimi siwezi kwenda pale mbele peke yangu. Njoo ukae kando yangu, Mama. Nikiweza kusema ndiyo, uisikie kwa masikio yako. Nikishindwa, unishike mkono tutoke.

Ni mimi mwanao wa pili,
Kwamboka